Maji ya Msafiri Hayamwagwi

Mume wangu aliniachia bahari sebuleni, akaenda zake pwani. Nasema bahari kwa sababu ndivyo alivyoiita mwenyewe. Kwa macho ya majirani zetu wa mtaa wa Buyenzi lilikuwa sanduku la vioo lenye mawe, taa ya buluu na samaki wawili wa rangi ya chungwa, ambao hata ukiwakaanga wote hawatoshi kitoweo cha paka.

Yeye ni fundi wa frigo, au friji kama waitavyo kwao, mzaliwa wa Tanga. Kazi ndiyo iliyomleta Bujumbura, mimi ndiye niliyembakiza. Alizoea kila kitu cha hapa: ugali wa muhogo, samaki wetu mukeke wa kukaanga, mvua zetu, hata Kirundi alikivunjavunja hivyo hivyo mpaka watu wakamwelewa. Ziwa tu ndilo lililomshinda. Jumapili tukienda ufukweni anachovya kidole, anakilamba, anatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Nilimwambia ziwa hili lina upepo, lina mawimbi, lina samaki, lina mpaka viboko, sasa unataka nini zaidi? Alirudi nyumbani akaanza kukata vioo.

Basi nikawa mke mwenza wa akwariamu. Vipande vya matumbawe alivipata kwa rafiki yake wa Dar es Salaam anayevifuga, akaja navyo kwenye boksi la barafu amelipakata safari nzima. Chumvi yake haikuwa ya jikoni. Ilikuwa ya unga, ya ndoo, yenye madini yote ya bahari ndani yake, na aliikoroga kwenye maji aliyoyachuja mwenyewe. Kila Ijumaa akitoka msikitini alichota ndoo ya maji ya zamani akaimwaga, akatia ndoo ya maji mapya. Halafu anakaa kwenye kigoda, anatazama. Mimi niko kwenye cherehani yangu nyuma yake, naona kisogo. Nilikuwa nagomba kwamba sikuolewa na kisogo. Leo nakitamani kisogo kile kuliko uso wa mtu yeyote.

Aliondoka kwa sababu baba yake alianguka bafuni, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Alifunga begi siku ile ile. Kabla ya kutoka alikoroga maji ya chumvi, akajaza bidoni, yale madumu ya plastiki, na kuzipanga ukutani, akanionyesha. "Haya ni ya kubadilishia kila Ijumaa," alisema. "Toa ndoo, tia ndoo. Mengine nitakuelekeza kwa simu." Nikamwambia nenda kwa amani, bahari yako haitatoroka.

Ijumaa ya kwanza nilichukua ndoo, mama yangu akanisimamisha. Mama anaishi nasi, na ni mwanamke wa Buyenzi wa zamani. Kwetu msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi siku ile, usije ukafagia na nyayo zake. Hilo nalijua tangu utoto. Mama alilichukua la ufagio akalipeleka kwenye maji.

"We mutoto, hii maji ni ya nani?"

"Ya mukwe wako, mama."

"Mikono yake iko ndani. Mutu iko mu safari, weye unamwanga maji yake? Apana. Ukimwanga, unamwanga na njia yake ya kurudi."

Ningeweza kubisha. Nilisoma, naijua sayansi ya shule, na mdomo ninao, aulizwe yeyote mtaani. Lakini mtu akiwa mbali, moyo unakubali mambo ambayo akili imeyakataa. Niliitazama ile ndoo tupu nikaona njia ya Tanga ndani yake. Nikairudisha jikoni.

Ila maji yalikuwa yanapungua. Joto la Bujumbura halina mzaha, na kila baada ya siku chache kioo kinaonyesha mstari mweupe pale maji yalipokuwa. Kutoa nimekatazwa, kuongeza sikukatazwa. Nikachukua zile bidoni alizoniachia, nikawa najazia. Kipimo cha chumvi alikuwa amenionyesha: kidude kama darubini ndogo, unadondoshea tone la maji, unachungulia kuelekea dirishani, na mstari wa buluu unakuambia chumvi imefika wapi. Sikukigusa. Maji aliyapima mwenyewe, niyapime tena nina wazimu?

Mwenyewe alipiga simu mara moja moja. Baba yake alikuwa wa kugeuzwa kitandani na kulishwa kwa kijiko, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza huku amesimama. Anauliza nyumba, anauliza mama, anauliza maji. Nasema mazuri. Mzee akafariki. Nililia huku, akalia kule, na sikuweza kwenda kwenye msiba kwa sababu mama alikuwa na malaria. Baada ya arobaini nilimngoja. Badala yake yakaja mambo ya nyumba ya urithi, ya dada zake, ya duka la mzee lisilo na mtu. Nikimuuliza anarudi lini, anasema karibuni. Sikumuuliza tena. Mama alinilea hivyo: mwanamke hamvuti mume kutoka kwenye kaburi la baba yake. Aibu ikanifunga mdomo, mimi niliyekuwa nagombana na madalali wa vitenge pale Gatumba mpakani hadi wanipunguzie.

Kisha matumbawe yakaanza kujifunga. Yale laini, yaliyokuwa yakicheza majini kama vidole vya mtoto aliyelala, yalijikunja yakawa vinundu. Yale magumu yakapauka nchani. Mteja mmoja, mama wa wizarani huko Rohero aliyekuja kupimwa gauni, aliyaangalia akauliza kwa nini nisitie mukeke humo nikaachana na maua ya mauti. Nilimpima kiuno kwa hasira.

Jioni hiyo nilimpigia mume wangu video. Aliyatazama moja moja. Akaniambia nitoe kipimo. Nilichungulia, nikamwambia mstari umepita juu ya alama yake. Umepita sana.

"Ulikuwa ukijazia nini?" aliuliza.

"Maji yako ya bidoni."

"Na ya zamani ulikuwa ukitoa?"

Nikamweleza la mama. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa, na sikuwa nimesikia kicheko kile tangu aondoke. Akasema, "Mke wangu, mchuzi ukisahaulika jikoni ukakauka, unakuwaje?"

"Unakuwa chumvi tupu."

"Basi jua nalo linachukua maji, chumvi linakuachia. Kwa kujazia, tia maji matupu."

Mimi! Niliyepika pilau za harusi nusu ya Buyenzi! Sote nyumbani tulijua kwamba mchuzi ukikauka unaongezwa maji, hauongezwi chumvi, na miezi yote ile tulikuwa tunaukausha na kuukoleza.

Kuanzia hapo alipiga kila jioni. Kwanza aliongea na mama mwenyewe, akamwambia maji yale si ya msafiri, ni ya samaki, na samaki hawajasafiri. Mama alikubali kwa sharti: yasiingie chooni wala mtaroni, yamwagwe langoni, upande wa barabara atakayorudia. Nikayamwaga langoni. Mchaichai wa mama uliokuwa hapo ukafa kwa chumvi, na mpaka leo tukinywa chai kavu lawama ni yangu.

Nikadhani nitashusha chumvi kwa siku moja. Akanikataza. Haraka haraka haina baraka, na kiumbe aliyezoea ubaya polepole, ukimpa wema ghafla unamuua. Nilitoa jagi, nikatia jagi la maji yaliyochujwa, kila asubuhi, na jioni nikamsomea mstari umefika wapi. Chumvi ilipokaa sawa, yakaja madini. Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu ya majini, na kwa kuwa maji hayakubadilishwa, yalikuwa yameila karibu yote, pamoja na yale magadi yanayoshikilia maji yasichachuke. Alinitumia dawa za unga kwa mtu wa basi. Akanieleza kwamba kalsiamu na magadi ni wake wenza: ukiwatia kwenye kikombe kimoja wanagombana, wanageuka chokaa, wote wawili hasara. Kila mmoja akorogwe peke yake, atiwe kwa wakati wake. Magnesiamu ndiyo inayowakalisha nyumba moja kwa heshima.

"Na wewe umeyajulia wapi ya wake wenza?" nilimuuliza.

"Nimesoma," alisema, tukacheka wote.

Zile ndizo jioni nzuri kuliko zote za upweke wangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema, lakini yake ilifika. Nilitikisa vichupa vya kupimia, nikahesabu matone hadi rangi igeuke, nikamwambia imegeuka, akasema ahaa. Nilijua anakula nini, anapokohoa, anaposogeza kiti. Nyuma yake kulikuwa na bahari yenyewe, naisikia, naye anauliza habari za ndoo yangu ya bahari.

Matumbawe yakafunguka. Siku nilipoamka nikakuta vidole vyote viko nje, vinayumba, nilimwita mama aje aone, akaja na tasbihi mkononi akasema mashaallah. Nikamtumia video. Alijibu kwa sauti fupi: "Umeweza. Umenishinda mimi."

Siku iliyofuata hakupiga. Wala iliyofuata. Alipopiga aliuliza maji, nikasema yako sawa, kila kitu kiko sawa, akasema alhamdulillah, simu ikaisha. Wiki nzima ikapita hivyo, kisha nyingine. Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaniumiza. Maji yalipokuwa mabaya nilikuwa na mume. Yamepona, nimebaki na samaki.

Asubuhi moja nilisimama mbele ya akwariamu na jagi la maji matupu. Mstari mweupe ulikuwa umeshaonekana kwenye kioo. Ningeliweka jagi chini, basi. Jua la Bujumbura lingefanya kazi yake, chumvi ingepanda, vidole vingejikunja, na jioni ningekuwa na la kumwambia. Angerudi kwenye kiti chake karibu na simu. Nilimtamani kiasi hicho. Nilimtamani kiasi cha kutaka kuua kitu anachokipenda ili aniulize hali yake.

Samaki mmoja alikuja kwenye kioo, akafungua mdomo akafumba, anadhani nimeleta chakula. Nikamimina jagi lote. Kisha nikaketi kwenye kigoda chake nikampigia, mchana mchana, wakati ambao hatupigiani. Alishtuka.

"Kuna nini? Umeme umekatika? Samaki?"

"Samaki wazima. Chumvi iko sawa, kalsiamu iko sawa. Sina shida ya maji hata moja." Nilikuwa nimeshaanza. "Mi ndiye siko sawa. Nakutamani mpaka najichukia. Najua una kaburi la baba, najua una dada zako. Lakini rudi. Sikwambii karibuni. Rudi."

Nilisikia watu wakipita kule alikokuwa, na mimi nikaanza kujuta, nikaona nimemvua mama yangu nguo hadharani kwa maneno yale.

"Hujawahi kusema," alisema mwishowe. "Nilidhani mmeshazoea bila mimi."

"Nani akakwambia?"

"Kila nikiuliza, unasema kila kitu kiko sawa." Akajikohoza. "Basi la Jumatatu limejaa, niliuliza juzi. La Jumatano lina nafasi."