Namba Kubwa Iliyozima Skrini ya Zahanati

Saa mbili asubuhi ukumbi wa zahanati umefurika, na skrini inayoita wagonjwa kwa namba ni nyeusi tii. Karani wa mapokezi amepanda juu ya kiti, anaita namba mpaka sauti inakwaruza. Chini ya kaunta imejitokeza miguu miwili. Ni ya fundi wa kompyuta, ambaye hapa wanamwita Mama Nyaya.

"Jana ilikuwa nzima," anasema akiwa huko huko chini. "Nikaiboresha. Matokeo ndiyo haya."

Kwa wengi huu ni usumbufu tu. Lakini kwenye benchi la mbele amekaa mama mkwe wa Mama Nyaya, mzito wa kusikia. Asipoiona namba yake, haingii kwa daktari, na jana jioni zamu ilimpita hivi hivi. Juu ya hilo, mganga mkuu ametamka mbele ya watu kwamba skrini isipowaka leo atatafuta fundi mwingine.

Kosa lenyewe hata wewe ungelifanya. Programu ya skrini hutegemea maktaba, yaani vipande vilivyoandikwa tayari ambavyo programu nyingine huviazima. Maktaba hii ni ya chanzo huria: yeyote huichukua bure, hata kabla haijakamilika. Mama Nyaya alikuta matoleo mawili, 2.74 na 2.75. Akachukua kubwa.

"Nani anaacha jipya anachukua kuukuu?" anauliza kwa hasira, kana kwamba mwandishi wa habari hii, aliyesimama kando ya kaunta, ndiye aliyeyaweka.

Anampigia rafiki aliyesoma naye, ambaye husaidia kuitengeneza maktaba hiyo, kisha anaweka simu kwenye spika.

"Dada, angalia namba baada ya nukta," rafiki anasema. "Ikiwa shufwa, toleo limeiva. Ikiwa witiri, bado liko jikoni, tunalionja wenyewe. Sabini na tano ni la majaribio."

"Na mimi ningejuaje?"

"Imeandikwa kwenye tovuti yetu."

"Wapi?"

"Chini kabisa."

"Haya. Kwa hiyo maktaba zote ziko hivyo?"

"Hapana! Ile ya kuchora maandishi, ukiona 2.90 ujue wanaelekea toleo la 3. Nyingine, witiri haina maana yoyote. Akili ni nywele, dada."

Mwandishi, aliyepotea tangu kwenye nukta, anauliza kama 2.9 si kubwa kuliko 2.10. "Ni ndogo! Tisa huja kabla ya kumi!" wanajibu wote wawili. Shuleni tulifundishwa vingine.

Mama Nyaya anarudisha 2.74. Skrini inawaka, karani anashuka kitini. Mganga mkuu anachungulia, anarudi ndani, na hakuna ajuaye kama fundi amesalimika.

"Namba zenyewe bado zinanichanganya, sitadanganya," anasema akijifuta vumbi. "Ila natafuta kompyuta kuukuu iwe ya kuonjea. Toleo jipya lianzie huko, wagonjwa baadaye."

Kisha anamwinamia mama mkwe na kumsimulia yote sikioni, kwa sauti ambayo ukumbi mzima unaisikia. Bibi anatikisa kichwa, uso umekunjamana. Skrini inaandika 47. Anakitazama kikaratasi chake, anasimama, anasita.

"Mwanangu, yangu ni witiri. Niingie, au nami bado niko jikoni?"

"Ingia, mama," anasema Mama Nyaya, akimshika mkono hadi mlangoni. "Wewe uliiva zamani."