Mundu Ninao Mimi

Mwanangu, iko siku moja ambayo hainitoki moyoni, na tangu uliponipigia simu kutoka Tunduma ukilia kwamba wakwe zako wamekutaka uchague, kanisa au nyumba yao, imenirudia kama ya leo asubuhi.

Nilikuwa msichana, hapa hapa Kamsamba. Baba alikwisha kufariki. Mpunga wetu ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa pale baba mkubwa, kaka yake baba, alipokuja kumtaka mama apike pombe ya tambiko la ukoo. Mama alikuwa amebatizwa karibuni. Alimpa kiti, akamwambia kwa adabu, "Shemeji, chakula nitapika, maji nitachota. Pombe ya tambiko sipiki."

"Basi hakuna wa ukoo huu atakayekanyaga shamba lako. Muulize huyo Yesu wako kama ana mundu!"

"Mundu ninao mimi, shemeji. Yeye atanipa mkono."

Unajua mwenyewe, mpunga huku hauvunwi na mtu mmoja. Leo kwangu, kesho kwako. Ukitengwa, ndege ndio wanaokuvunia. Na walikuja, mwanangu, kwelea kwelea kama wingu. Mimi na mama tukapanda dunguni, kichanja cha kulindia mpunga, tukapiga debe na kuimba nyimbo za kanisani kutwa nzima, na jua la huku si la kuchezea. Wapita njia walicheka: "Kwaya ya ndege hiyo!" Mama akazidi kupaza. Jioni ndege walipoondoka, tulishuka tukavuna.

Nisikudanganye. Ndege walikula sehemu kubwa, njaa tuliionja, na sauti ya mama ilikatika isirudi tena.

Hata hivyo alijaza ungo mpunga wa kwanza, malimbuko ya kupeleka kanisani. Nikamwomba tupite njia ya nyuma. Akajitwika ungo, akatangulia. Tukakatiza uwanjani kwa baba mkubwa, wanaume wote wamekaa, naye mama anaimba kwa ile sauti iliyobaki.

"Shemeji, umekuwa chura sasa!" akasema baba mkubwa, wenzake wakaangua kicheko.

"Chura husikika hadi ng'ambo ya mto, shemeji," mama akamjibu, akaendelea na ubeti wake.

Basi, mwanangu, wasalimu wakwe zako kila asubuhi. Wapikie, wauguze wakiugua, wasikusikie tusi hata moja. Lakini Jumapili vaa kitenge chako kizuri, shika Biblia mkononi, usiifiche mkobani, upite mlango wa mbele. Huenda wakakutenga. Huenda utakachopoteza kisirudi. Sauti ya mama haikurudi. Lakini hakuna aliyemnyang'anya wimbo. Na wakikufukuza, kitanda chako huku kimetandikwa.

Bwana aliyempa mama mkono akupe na wewe. Akuimarishe magoti, na siku watakapokucheka, akujalie ubeti unaofuata. Amina.