Kadi Bila Sindano

Mimi, jambo la kunishangaza halijazaliwa. Nimetoka Likoni na darasa la nne tu, nikabeba magunia bandarini mpaka shingo ikazama mabegani, nikafunga maturubai, nikashika usukani, na leo pale Magongo nina malori matatu ya safari za bara na hakuna benki inayonidai. Wenye digrii zao wananiita bosi. Kila mpaka naujua, na najua nani huko anataka chai na nani anataka soda. Ndivyo nilivyozoea kujisemea. Siku hizi nasema hivyo kwa sauti ya chini. Nimechoka.

Lori likienda Kongo, dereva sharti awe na kadi ya homa ya manjano. Njia ya halali ni kwenda kliniki, udungwe sindano, kisha ungoje siku kumi ndipo kadi ihesabike. Siku kumi, na mzigo uko juu ya tela! Sisi tulikuwa na njia yetu. Kuna bwana mmoja wa kibanda cha fotokopi: unampa jina na namba ya kitambulisho, unakwenda kunywa chai, ukirudi kadi ina muhuri na tarehe ya mwezi uliopita. Yangu niliichukua hapo hapo. Nimevuka nayo miaka, na kila aliyeniuliza nilimwambia nimechanjwa, hata mwisho nikawa naikumbuka sindano yenyewe ilivyouma.

Dereva wangu wa siku nyingi, mtu wa Mishomoroni, baba wa watoto watatu, aliniuliza kabla ya safari moja, "Mzee, mara hii si tukadungwe kweli? Nasikia huko watu wanaugua."

Nikamcheka. "We mtu wa Pwani waogopa mbu? Hawa wa Kisauni wamekushindwa, wa Kongo watakuweza?" Hata vidonge vya kuzuia malaria nilimwambia ni vya watalii. Akacheka na yeye, akatia kadi mfukoni, akaondoka.

Wiki ya tatu dereva mwenzake akanipigia simu. Mtu wangu kalazwa hospitali ya misheni ng'ambo ya mpaka, homa kali, hatambui watu, macho yamegeuka manjano.

Asubuhi mkewe akafika pale yadini na buibui lake lote vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

"Siketi. Wanasema macho yamekuwa manjano. Nambie, mulimdunga?"

"Kadi anayo."

"Sikuuliza kadi."

Sijajibu, simu ikalia. Alikuwa daktari wa kule, anaongea Kiswahili cha Kongo, taratibu, na simu yangu ina sauti kubwa, hata yule mwanamke anamsikia.

"Bosi, malaria tumeiona kwenye damu. Lakini macho yake yananitia wasiwasi. Kadi inasema alichanjwa. Niiamini? Nikiiamini, nitashika malaria peke yake. Nisipoiamini, namtenga ndani ya chandarua na damu yake inakwenda kupimwa mji mkuu. Nataka ukweli, sitaki maneno mengi."

Nimedanganya askari, nimedanganya watu wa mizani, wala sijatoka jasho. Siku ile lilinitoka. Nikisema kweli, kadi za watu wangu wote zimekwisha, yangu ikiwemo, na pengine nifuatwe mpaka Magongo. Nikikaza uongo, mtu anaweza kufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta. Yule mwanamke alikuwa kanikazia macho.

"Sema naye," akaniambia. "Mwenye mume ni mimi."

"Daktari, hiyo kadi ni ya kununua. Hakudungwa. Niliyenunua ni mimi."

Daktari akasema, "Asante," akakata.

Nilingoja matusi, hayakuja. "Na wewe wajiita mzee," mkewe akasema, ndipo akaketi, juu ya tairi kuukuu. Kwa siku nne alikuja akaketi pale pale. Chai niliyomletea hakuigusa hata siku moja. Wallahi, heri angenitukana.

Majibu yalipokuja, homa ya manjano haikuwako. Ilikuwa malaria, malaria ile ile niliyoidharau, iliyoachwa mpaka ikapanda kichwani na kumgeuza macho. Alirudi amebaki mifupa. Lori langu hakulitaka tena. Sasa anaendesha gari la maji huko Mkomani, na tukikutana tunaamkiana vizuri, basi.

Nikawapeleka wote waliobaki kliniki, na mimi nikiwemo. Nilidhani ni kutoa mkono tu. Kumbe muuguzi ana maswali: umri, mayai yanakudhuru, unatumia dawa gani.

"Umewahi kuchanjwa hii, baba?"

Kadi ya kibanda ilikuwa mfukoni. "Sijawahi," nikasema.

Dereva wangu mmoja alirudishwa, dawa anazotumia hazipatani na chanjo hiyo. Muuguzi akamwambia afadhali asiende huko kabisa. Zamani ningemnunulia kadi. Nikampa safari za Nairobi. Sisi wengine tukadungwa, malori ya Kongo yakalala siku kumi, na mimi nikakaa yadini nikiyatazama, sina hata hamu ya kugombana na mtu.

Nikajumlisha hospitali, vipimo, nauli ya kumrudisha mgonjwa, sindano, vidonge na siku yalizosimama malori. Shilingi laki tatu, elfu kumi na nane, mia saba na hamsini. Hiyo ndiyo bei ya kicheko changu.