Fundi Dari na Sindano ya Shingoni

Siku ya kwanza daktari wa ganzi alipokaa kando ya kitanda chake kumwandaa kwa upasuaji wa bega, Fundi Dari alianza kupatana bei.

"Nichome nusu, mwanangu. Bega lilale, vidole uviache macho."

"Hii haina nusu, mzee. Nachoma hapa chini ya shingo, karibu na neva za mkono. Mkono utakufa ganzi mpaka kesho asubuhi, kisha utaamka. Ila vidonge vya maumivu usisubiri uumie ndipo umeze. Meza kwa saa, mapema."

Maneno matamu, akawaza. Miaka thelathini alipaka rangi dari za watu mpaka kano ya bega ikachanika, na alijua kazi mbovu inavyofichwa: lipu nyembamba juu ya ufa, rangi juu ya lipu, mwenye nyumba anatabasamu, fundi keshatokomea. Mkono huo wa kulia ndio uliolisha nyumba. Ukifa moja kwa moja, atamkamata nani?

Alitia saini kwa sababu bega lilikuwa limemshinda.

Alipozinduka baada ya upasuaji, mkono ulining'inia kwenye kitambaa, mzito kama mfuko wa saruji. Akaufinya. Kimya.

"Mama watoto, wameniua mkono."

"Si uliambiwa?" mkewe akajibu.

"Niliambiwa! Hata mimi wateja wangu huwa nawaambia."

Kila muuguzi alipoleta vidonge, alivibana shavuni, akasubiri apite, kisha akavitemea chini ya mto. Dawa ya maumivu bila maumivu? Hapo wanapaka rangi ya pili. Yeye alitaka kuukagua ufa ukiwa wazi.

Kesho yake saa nne asubuhi, chai ikigawiwa, ganzi ikaachia. Vidole vikawasha, halafu bega likawaka moto. Akapiga ukelele wodi nzima ikageuka. Mkewe, akimwekea mto vizuri, akaibuka na vidonge sita vilivyogandamana.

"Hivi ulikuwa unamwekea nani, mzee?" daktari akauliza, akimtia dawa ya maumivu kwenye mshipa. "Haya, chezesha vidole."

Akavichezesha vyote vitano, machozi yakimtoka.

"Mkono wako huo."

"Nauona," akasema kwa shida. "Ila ungesisitiza."

Asante daktari hakuipata. Alichopata ni mgonjwa wa kitanda cha pili, naye wa bega, aliyesema, "Mimi nipe nzima, daktari, na vidonge vyake."

Fundi Dari alipata mkono wake. Alichopoteza ni kuaminiwa: tangu siku hiyo mkewe anampa vidonge mwenyewe, anasubiri ameze, kisha anamwamuru, "Fungua mdomo. Inua ulimi."