Kitabu cha Wakunga na Kufuli la Mkurugenzi

Kazini walimwita Mkasi, kwa kuwa neno la ziada halikupita mbele yake likabaki salama. Alikuwa mhariri wa kampuni ya vitabu vya kusomwa kwenye simu, vyumba viwili juu ya duka la rangi, na alimdharau Mkurugenzi wake waziwazi.

Hakumdharau bure. Kila akitoka semina, Mkurugenzi alirudi na njia mpya ya kuuza. Mwanzoni msomaji alinunua kitabu kikawa chake, basi. Hilo likaonekana la kishamba. Ikaja ada ya mwezi: lipa, soma utakacho, na mwandishi alipwe kwa kila ukurasa uliosomwa. Waandishi nao si wajinga. Mtu wa hadithi akipanda ngazi, kurasa tatu zinapita hajafika juu. Kisha yakaja matangazo: vitabu bure, ila marehemu akishushwa kaburini, inachomoza sabuni ya kufulia. Mkasi aliyahariri yote hayo, akameza dharau yake na kupokea mshahara.

Safari hii ilikuwa sura moja moja. Za mwanzo bure, zinazofuata kwa malipo, na kila sura ikatwe pale roho ya msomaji iko juu juu. Kwa hadithi za mapenzi, sawa. Huko hafi mtu. Lakini kichwa maji yule alivikata vitabu vyote namna hiyo, hata cha dada yake Mkasi.

Dada huyo alikuwa mkunga wa hospitali. Aliandika kitabu cha mwongozo kwa wakunga wa nyumbani, wale wanaozalisha wenzao mahali ambako hospitali iko mbali, na Mkasi ndiye aliyemshawishi akilete pale. Alimwahidi kitawafikia wote. Sasa aliona kwenye kompyuta jinsi sura ya sita inavyokwisha: mtoto ameshatoka, lakini damu haikomi, fanya haraka yafuatayo. Chini yake, picha ya kufuli na bei.

Alimwendea Mkurugenzi akamtolea uvivu.

"Bosi, hapa mtu atakufa."

"Hapo ndipo patamu, dada yangu. Nani ataacha kulipa?"

"Mwenye mikono imejaa damu aanze kubonyeza namba ya siri?"

"Punguza hasira. Soko ndivyo linavyotaka."

Alilitaja soko kwa heshima, utadhani ni baba yake mzazi. Mkasi akaenda kuifungua sura ile kimyakimya. Mkurugenzi akaifunga tena, na akamwondolea ruhusa ya kuigusa.

Wiki iliyofuata, wakiwa mkutanoni, simu ya Mkasi ikaita. Alikuwa dada yake. Akaweka sauti ya juu makusudi, wote wasikie.

"Mdogo wangu, mbona kitabu changu kina kufuli? Kuna mama alikuwa anavuja damu, na mkunga wake akakwama hapo hapo. Bahati yake ana namba yangu. Nikamwambia amkande tumbo chini ya kitovu mpaka liwe gumu, mtoto anyonye, huku gari linatafutwa."

"Mama yukoje?"

"Amefika hospitali, mzima. Lakini asiye na namba yangu je?"

Mkurugenzi alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza Mkasi alidhani anaona haya. Kumbe alikuwa anaandika.

"Mwombe arudie hayo, tumrekodi," alisema. "Tangazo zuri mno! Kitabu kilichookoa maisha."

Mkasi alitafuta dharau ya kumtosha mtu yule, akaikosa.

"Dada," alisema kwenye simu, "nitumie namba za wakunga wote ulio nao. Nawapelekea kitabu kizima, kama ulivyokiandika."

"Huo ni wizi!" Mkurugenzi aliruka kitini. "Kitabu ni mali ya kampuni. Ukituma, kesho usikanyage hapa."

"Hata leo nimeshachoka kukanyaga," alijibu Mkasi, akabeba mkoba wake.

Namba zikaingia, akatuma akiwa anashuka ngazi. Hajafika chini, jibu la kwanza likaingia. Lilitoka kwa mkunga yule yule aliyekwama.

"Asante sana, dada. Nalipia wapi?"

Mkasi aliketi kwenye ngazi akalia kwa hasira. Alipoweza kuona tena, akaandika: "Hulipi. Wape na wenzako."