Siku Mama Mkwe Alipoingia Nyumbani Kwetu

Jumatano, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Tangu alfajiri upepo wa ziwani ulikuwa mkali, na wingu zito lilikaa upande wa kisiwa cha Rukuba, ila mvua haikushuka.

Mimi nimeishia darasa la saba. Naandika nilivyoona, na pengine sikuona yote. Asubuhi ile lori lilisimama mbele ya nyumba zetu za Mukendo, hizi za mstari mmoja tunazopanga kwa manispaa, likashusha bati mpya, mbao na misumari. Afisa nyumba, mama mmoja wa makamo, alisema vimenunuliwa kwa mapato ya mji wenyewe. Mimi ni fundi viatu sokoni, na ushuru nilikuwaga naulipa huku nimenuna. Nikasimama nazitazama zile bati zinavyong'aa. Kumbe hata muuza dagaa wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, ambaye hatujuani, ameshiriki kutuezekea. Mambo ya bajeti labda sijayaelewa sawasawa, lakini mwili ulinisisimka.

Tatizo lilikuwa mama mkwe wangu. Ni mjane, anaishi nyumba ya mwisho, na paa lake ndilo bovu kuliko yote. Masika analalaga na beseni kitandani. Fundi mkuu alisema ahame siku tatu, waanze leo. Asipohama wataenda mtaa mwingine, na fungu la mwaka huu litaisha bila yeye.

Majirani wote walishakubali kupokea wenzao watakaoezuliwa. Nafasi ilibaki kwetu tu. Na kwa mila yetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Huyu hata kuingia alikuwa hajawahi. Akija anakaaga kwenye kigoda nje.

Alikuwa ameketi juu ya godoro lake uani, amenipa mgongo kwa heshima.

"Mwambie mume wako namshukuru," alimwambia mke wangu, nami nipo hatua tano tu. "Ila nitalala hapa hapa."

"Mama, mvua ile pale inakuja."

"Mvua nimelala nayo miaka mingi. Leo tutakutana nje tu."

"Bibi," fundi mkuu aliita kutoka kwenye ngazi, "tunaezua au tunashuka?"

Nikamwambia mke wangu, "Mweleze mama nitajibana na vijana wa jirani chumbani kwao hizo siku tatu."

"Akiondoka, paa anaondoka nalo?" akauliza mama mkwe.

Kwa haki, hapo alikuwa amesema kweli.

Afisa nyumba akachuchumaa mbele yake. "Mama, ile nyumba ni ya nani?"

"Ya mkwe wangu."

"Hapana. Yeye ni mpangaji kama wewe. Nyumba ni ya manispaa, na paa ni la manispaa." Akafungua faili, akamwonyesha mkataba wangu. Mama mkwe hajui kusoma, ila muhuri aliutazama muda mrefu.

"Hata ukuta si wake?"

"Hata msumari."

"Na anavyotembea kama mwenye mji!"

Majirani wakacheka. Nami nilicheka, ingawa iliniuma kidogo, maana mlango ule niliupaka rangi mwenyewe. Kisha mama mkwe akachukua mto wake, akainama mlangoni kwetu, akaingia. Nilipata kama baridi mgongoni. Mlango ambao mimi na mke wangu tulishindwa kumfungulia kwa kubembeleza, mji mzima ulikuwa umemfungulia. Sijui kama wazee wa kwao Nyegina wangekubali hoja ile. Mimi hata hivyo nilienda kulala kwa jirani, maana paa ni la manispaa lakini kitanda ni changu.

Kule nyumba ya mwisho mafundi walikuwa wameshaanza kung'oa bati kuukuu.

Jioni alipika mama mkwe, kwenye jiko letu: ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Wao walikula ndani. Mimi nililetewa yangu kwa jirani, na kichwa cha samaki, ambacho hupewaga mwenye nyumba, kilikuwa kwenye sahani yangu.