Kikombe cha Kwanza ni cha Apollinarie

Siku hizi mtu anasafiri kama gunia la mihogo. Anatupwa juu, anabanwa, anashushwa amepondeka, na akilalamika anaambiwa ashukuru kwamba amefika. Sévère alijua kusafiri. Hakuwa tajiri. Alikuwa fundi wa viti mtaani Kimanga, mjini Uvira, mtu wa sindano kubwa na uzi wa katani, na ni yeye aliyejaza sufi katika viti vya karibu magari yote ya abiria yaliyokwenda Bujumbura. Alijua kiti kipi kimebonyea, kipi kina chuma kinachochoma, na kipi alikishindilia kwa mikono miwili huku akiufikiria mgongo wake mwenyewe. Basi kila mwaka, mwezi wa saba, alilipa nauli ileile ya maskini na kuketi mahali ambapo tajiri angeketi kama angejua: safu ya pili, kushoto, upande wa milima, ambako jua la asubuhi halifiki.

Mapajani aliweka kikapu. Ndani yake mlikuwa na termosi ya kahawa, vikombe viwili vya bati, na mkate wa ndizi ambao mkewe Louise aliupika kwa asali ya Mulenge na kuufunga katika jani la mgomba. Kikombe kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha yeyote aliyeketi karibu naye, na hakumuuliza kabila wala chama kabla ya kumimina. Wakati ule swali la namna hiyo lilikuwa matusi.

"Weye mzee unakunywa kahawa kama Mzungu," abiria mmoja alimtania siku moja, mdomo umejaa mkate.

"Mzungu ndiye aliyekunywa kama mimi," Sévère akamjibu. "Miti ilikuwa ya baba yangu."

Na kweli ilikuwa ya baba yake. Mzee Ngendakumana aliipanda kwenye miinuko iliyo juu ya Runingu, na hakuipanda kwa kupenda. Aliipanda kwa kiboko, kama wenzake wote wa wakati wa Wabelgiji. Majirani walivuna, wakauza, wakalipa kodi, na wakafa bila kujua kahawa ina ladha gani. Wengine walisema Ulaya wanaisaga kutengeneza baruti. Ngendakumana peke yake alikwenda kumuuliza mpishi wa mapadri inaliwaje, akarudi, akaikaanga juu ya kigae, akaitwanga, akaichemsha. Alipomaliza kikombe alisema: nimepigwa kwa ajili ya kitu hiki miaka kumi na miwili, kumbe ni kizuri hivi, na hakuna aliyeniambia.

Tangu siku hiyo aliiweka kahawa chini ya sheria ya mtama. Katika nyumba za watu wanaosema Kirundi kule bondeni Ruzizi, mtama mpya hauonjwi na mtu yeyote kabla ya mkubwa wa nyumba kuuonja na kuufungua mwaka. Wanaita kuganura. Tena mavuno mapya hayakanwi: ukiulizwa umebeba nini, huyapi jina lingine, kwa sababu mwaka unasikia. Watu walicheka kuona sheria ya mababu ikivishwa zao la Mzungu. Ngendakumana akasema kilichotoka katika shamba lake kwa jasho lake ni cha mababu zake.

Alipokufa, mkubwa akawa binti yake wa kwanza, Apollinarie, aliyeolewa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Ndiyo sababu ya safari ya mwezi wa saba. Njiani Sévère alikunywa kahawa ya mwaka uliopita. Ile mpya ilikaa kavu chini ya kikapu. Dada yake aliitwanga mwenyewe, akaichemsha, akanywa funda moja, akafumba macho. Kisha akasema, "Mwaka umefunguka." Hapo tu ndipo ndugu yake alipopewa kikombe, na sahani ya kashata za karanga alizofundishwa na majirani zake wa Buyenzi. Walitafuna hadi meno yakashikana, wakacheka kama watoto, yeye na mvi zake, dada na mvi zake. Nyumbani Kimanga Louise alisubiri habari kabla ya kuweka sufuria ya kahawa motoni.

Haya yote yalihitaji nini? Miti michache, kiti kizuri, njia iliyo wazi. Hata hayo yalikuwa mengi mno kwa wenye bunduki.

Vita vya kwanza vilipita, watu wakasema vimekwisha. Vikaja vya pili. Njia ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Wenye silaha walibadilisha majina kama watu wanavyobadilisha shati, na kila jina jipya lilikuja na vizuizi vyake barabarani. Miaka miwili Sévère hakuvuka, na miaka miwili nyumba yake haikunywa kahawa. Magunia mawili ya kahawa yalikaa Runingu, mpaka siku moja wenye silaha walipovunja ghala na kuyabeba, na kwa kuwa usiku wao ulikuwa na baridi, wakakata na miti ili waote moto. Ilibaki miti kumi na miwili, na kopo moja la punje za mavuno yasiyofunguliwa, ambalo Louise alikuwa amelificha chini ya kitanda.

Mwaka wa tisini na tisa ikaja habari kutoka kwa Annie, binti wa Apollinarie: mama ni mgonjwa, hasimami tena, na kila siku anauliza kama kahawa imefika.

Sévère alikaanga kopo lote. Kubeba punje au unga ilikuwa hatari, kwa kuwa kwenye vizuizi kahawa kavu iliitwa biashara na kuchukuliwa. Kinywaji ni kinywaji tu. Akaichemsha alfajiri, akaimimina yote katika termosi bila kulamba hata kijiko.

"Weye Sévère," Louise alisema, mikono kiunoni, "watu wanakimbia na watoto mgongoni, weye unakimbia na kahawa!"

"Sikimbii. Ninasafiri."

"Onja basi kidogo, ujue kama haikuungua. Nani atakuona?"

Sévère alikaza kifuniko cha termosi. Louise akatikisa kichwa, akamfungia mkate. Haukuwa na asali. Njia ya Mulenge nayo ilikuwa imefungwa.

Gari lilikuwa la Onesphore, dereva aliyemjua miaka ishirini. Sévère alifungua mlango akasimama. Viti havikuwamo. Kulikuwa na mbao zilizopigwa misumari juu ya vyuma, na juu ya mbao watu wanne mahali pa watatu.

"Vimekwenda wapi?"

"Waliving'oa," Onesphore akasema. "Walisema wanajeshi wanaumwa mgongo. Panda, fundi. Leo fundi wa viti anakalia ubao!" Alicheka mwenyewe, hakucheka mwingine.

Sévère alitoa kikapuni kimto chake cha sufi, akakiweka juu ya ubao, akaketi. Nyuma yake alikaa Irambona, mama mfanyabiashara wa vitenge aliyeuza Buyenzi, mtaa wa Apollinarie. Sévère alitaka kummiminia kikombe kama desturi, mkono ukafika kwenye termosi, ukarudi. Ile haikuwa kahawa ya njiani. Akampa mkate. Mara ya kwanza maishani mwake alimkaribisha msafiri mwenzake kwa mkate mkavu, na aliona haya mpaka Kavimvira.

Kabla ya kufika mpakani kulikuwa na kamba imevutwa barabarani. Kando yake, chini ya turubai, alikaa mkuu wa kizuizi, mtu wa makamo mwenye tumbo na kandambili, na alikalia kiti cha gari. Sévère aliutazama mshono wa kile kiti. Ulikuwa wa mkono wake: uzi mara mbili, pembeni umekunjwa ndani usimkwaruze mtu. Safu ya pili, kushoto.

Abiria walishushwa, mizigo ikamwagwa. Mkuu akanyoosha kidole.

"Mzee, mu ile termosi iko nini?"

Irambona alimgusa mgongo. "Sema dawa, papa," akanong'ona. "Sema dawa."

Mtu yeyote mwingine angesema dawa. Sévère alifikiri juu ya dada yake kitandani, akafikiri juu ya neno la baba yake kwamba mwaka unasikia, na kinywa chake kikasema ukweli.

"Iko kahawa. Kahawa mpya. Haionjwi kabla ya mkubwa wangu."

"Mkubwa wako iko wapi?"

"Bujumbura. Dada yangu. Anaumwa sana."

Mkuu aliwageukia watu wake. "Mumesikia? Mkubwa iko Bujumbura!" Akamrudia mzee. "Na hapa, mkubwa ni nani?"

Watu wote waliangalia chini. Onesphore alijifanya anakagua gurudumu.

"Chukua koti," Sévère alisema. "Chukua saa. Hiki kimto kina sufi safi, kitakufaa juu ya kiti hicho."

Lilikuwa kosa la pili. Mnyang'anyi hana haja na unachompa, anataka unachokishikilia.

"Koti nitachukua nikitaka. Leta kahawa. Mkubwa hapa ni minye, nitaonja minye," alisema akijigonga kifua.

"Mwanangu, ulizaliwa mwaka gani?"

"Bunduki haina mwaka, mzee. Mimina."

Sévère alifungua termosi. Harufu ikatoka, ile ya miinuko ya Runingu baada ya mvua, na hata wale wenye bunduki wakaivuta kwa pua. Mkuu akanyoosha mkono apokee kikombe. Hapo hasira ya miaka yote ilipanda kutoka miguuni: kiboko cha baba yake, miti iliyokatwa, viti vilivyong'olewa, majirani wasiosalimiana tena, na mtu huyu aliyekalia kazi ya mikono yake akijiita mkubwa. Aliinamisha termosi, akamwaga yote chini, polepole, mbele ya zile kandambili.

"Wakubwa wangu wamo humu chini," alisema. "Wanywe wao."

Walimpiga kwa vitako vya bunduki. Alipoanguka mmoja akamkanyaga kiwiko cha mkono wa kulia, mkono wa sindano, na mfupa ukalia kama ubao. Gari liliruhusiwa kupita baada ya kila mtu kuongeza malipo. Sévère alirudishwa Kimanga kwa baiskeli ya mtu, termosi tupu shingoni.

Siku zile, maumivu yalipopungua, alikuwa na jambo moja la kumfariji. Alijiambia kwamba Apollinarie ataelewa. Irambona aliyeona kila kitu alikuwa amevuka, atamweleza. Binti wa Ngendakumana atasikia kwamba kikombe cha kwanza hakikuingia kinywa cha mwizi, na ataridhika.

Wiki tatu baadaye Irambona alirudi na kuja moja kwa moja nyumbani. Hakuketi.

"Papa, usinikasirikie. Minye nimetumwa tu."

"Sema, mama."

"Nilimweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: mwambie Sévère ni mjinga. Angempa yule mtu anywe. Mimi ningekunywa mabaki yake. Ningekunywa hata kama mbwa angelamba kwanza."

"Alikuwa anatania?"

"Hapana, papa."

Louise aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea.

"Akaomba kashata," Irambona aliendelea. "Meno hayakuwa na nguvu, akaimumunya tu, akaitoa. Siku ya tano tukamzika."

Sévère hakulia. Alimshukuru Irambona, akamsindikiza hadi barabarani kama inavyopasa, akarudi akaupiga teke mlango wa karakana yake mpaka ukatoka kwenye bawaba. Alimkasirikia yule mkuu, lakini huyo alikuwa rahisi kukasirikiwa. Alimkasirikia dada yake kwa kusema kweli. Alimkasirikia baba yake na sheria yake. Zamani sheria ile ilikuwa furaha. Haikumlazimisha mtu kuchagua kati ya mkubwa wake na heshima ya mkubwa wake. Aliyeleta uchaguzi huo ni nani? Na sasa alikuwa wapi? Alikuwa amekaa juu ya kiti cha sufi, bila shaka, na mgongo haukumuuma.

Mkono uliunga vibaya. Sindano kubwa haukuweza tena kuisukuma kwenye ngozi. Na kazi yenyewe haikuwapo. Nani anatengeneza kiti cha gari wakati watu wamezoea mbao? Ndivyo mambo mazuri yanavyokufa. Hayapigwi marufuku. Watu wanazoea tu.

Mwezi wa saba uliofuata, ile miti kumi na miwili ilizaa. Louise alipanda mlima wa Runingu mwenyewe, akachuma, akaosha, akaanika, akakaanga. Hakumuuliza mumewe. Asubuhi moja alimletea kikombe cha bati mahali alipokaa, akaweka na mkate kando yake. Safari hii ulikuwa na asali.

"Haya," akasema.

Sévère alikitazama kikombe. "Anza weye."

"Minye?" Louise, aliyeicheka desturi ile miaka thelathini, alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto. "Siwezi. Mkubwa sasa ni weye."

"Nimekwambia kunywa."

"Siwezi, Sévère."

Walikaa hivyo, kikombe katikati yao, mpaka mvuke ukaisha na utando mwembamba ukatanda juu. Nje gari la abiria lilipita likielekea Bujumbura, watu wamening'inia nyuma. Mwishowe alikichukua kwa mkono wa kushoto, akanywa funda moja. Louise alisubiri asikie yale maneno, kwamba mwaka umefunguka. Sévère alifungua kinywa, lakini maneno yale alikuwa ameyasikia tu kwa sauti ya baba yake na ya dada yake, na kwa sauti yake mwenyewe hayakutaka kutoka. Akakisukuma kikombe kwa mkewe.

Ilikuwa imepoa. Ilikuwa nzuri, nzuri kuliko miaka mingi, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.